Kongwa ilivyokuwa patupu kwenye karatasi

Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukitafuta ardhi ya kulima karanga. Kiongozi wake, John Wakefield, hakuwa mgeni wa nchi: aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Vita vilikuwa vimekwisha, Waingereza walikuwa bado wanagawiwa mafuta ya kupikia kwa kipimo, na serikali ya London ilitaka mafuta ya karanga kwa wingi na kwa haraka. Ujumbe ukarudi na pendekezo la mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Themanini kati ya hayo yangekuwa Tanganyika. Mahali pa kuanzia pakawa Kongwa, kaskazini ya Mpwapwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyepesi kueleweka: reli iko karibu, ardhi imenyooka, na watu ni wachache.

Hiyo ya watu wachache ndiyo ninayoichambua hapa. Mpango wa karanga wenyewe umeshaandikwa sana: matrekta yaliyovunjika, mvua zilizogoma, paundi milioni 36 hivi zilizoteketea. Sitaurudia ila pale inapobidi. Ninachotaka kujua ni kitu kidogo zaidi. Kongwa iliingiaje kwenye hesabu za wakubwa kama mahali pasipo na mtu, ilhali Wagogo na Wakaguru walikuwepo, na mashamba yao, mazizi yao, watemi wao na visima vyao? Na mtu wa Kongwa wa leo, akitaka kujua babu zake walikaa wapi hasa, ramani za zamani zitamsaidia kwa lipi na zitampoteza kwa lipi?

Jibu langu, nalitanguliza ili msomaji anipime: kila ramani ya Kongwa ilichorwa na mtu aliyekuwa anatafuta kitu fulani, na asichokitafuta kilibaki cheupe. Weupe huo ukarithiwa, ramani hadi ramani, mpaka ukafika mezani kwa watu wenye matingatinga.

Njia ya misafara

Ramani za mwanzo zilizochapishwa za upande huu zilitokana na safari. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley 1871, Cameron 1873. Wote walishika njia ya misafara itokayo pwani kwenda Tabora na Ujiji, na njia hiyo ilipinda na kunyooka kwa kufuata maji. Mpwapwa palikuwa mahali pa kupumzika na kujaza vibuyu. Baada yake Chunyu, ambako maji yana chumvi. Kisha nyika kavu iliyoandikwa kwenye ramani zao Marenga Mkali, ambayo wapagazi waliikata kwa mwendo wa haraka kwa sababu hapakuwa na tone la kunywa. Ukiimaliza unaingia Ugogo, na hapo hongo, yaani ushuru wa kupita uliotozwa na watemi, inaanza.

Ukiitazama ramani ya aina hii kwa makini utaona ina vitu vya namna nne tu: vituo vya kulala, mito na makorongo yanayovukwa, vilima vinavyoonekana kutoka njiani, na majina ya wakubwa waliotoza hongo. Mtemi ambaye njia haikumpitia hakutoza kitu, na asiyetoza hakuandikwa. Kongwa iko kaskazini, upande wa pili wa milima ya Kiboriani ukitokea Mpwapwa, nje ya njia kuu. Basi sehemu hiyo ya karatasi ina jina moja au mawili, au haina kitu kabisa. Upana wa ramani ya msafara ni pale macho ya mpita njia yanapokomea.

Lakini malalamiko ya wasafiri hao kuhusu hongo, ambayo ni mengi na ya uchungu, yanasema jambo ambalo ramani zao hazisemi. Msafara wa mamia ya watu hauli mawe. Ulinunua mtama, uwele, mbuzi na maji kwa Wagogo, kituo baada ya kituo, mwaka baada ya mwaka. Nchi inayoweza kuwauzia wapita njia chakula kwa wingi namna hiyo, na yenye watawala wanaojua mpaka wa kila kisima na nani anywe kwa bei gani, si nchi tupu. Mwanahistoria wa kijiji akitumia ramani ya Stanley peke yake atapata vituo. Akiiweka kando ya maandishi ya safari ile ile atapata uchumi mzima. Mimi nisingeisoma ramani yoyote ya karne ya 19 bila daftari la aliyeichora.

Shiti za Wajerumani

Ramani kubwa ya kwanza ya nchi nzima ni ile ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya skeli 1:300,000, iliyochapishwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer. Kazi ilianzishwa na Richard Kiepert katika miaka ya 1890, kisha ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel mpaka kuelekea Vita Kuu ya Kwanza. Ni kazi ya kustaajabisha, na pia ni kazi ya kuchukuliwa kwa tahadhari, kwa sababu ya namna ilivyotengenezwa. Maofisa wa jeshi, wamisionari na wataalamu wa madini walitembea na dira na saa, wakaandika mwelekeo na muda wa mwendo, wakachora kila walichokiona kulia na kushoto. Madaftari yao yakapelekwa Berlin, wachoraji wakaziunganisha njia moja moja hadi zikawa shiti, yaani kurasa za ramani. Palipopita njia nyingi ramani imejaa maandishi. Palipopita njia moja kuna mstari na maneno machache kuhusu pori la miiba au mahali pa maji. Pasipopita mtu ni karatasi tupu.

Kwa mtu wa kijijini anayetafuta asili yake, shiti hizi zina hazina moja na mtego mmoja, na vyote viko kwenye majina.

Hazina ni kwamba maeneo mengi yaliandikwa kwa jina la mkubwa wa pale, jumbe au mtemi, kwa sababu mzungu aliyepita aliuliza "hapa kwa nani?" na akaandika alichojibiwa. Kwa hiyo shiti ya 1:300,000 ni kama orodha ya majina ya wakubwa wa wakati ule, kila mmoja na mahali pake. Ukiwa na mzee anayejua ukoo wake vizazi vitano, unaweza kukuta jina la babu wa babu yake limechapishwa Berlin.

Mtego ni kwamba jumbe akifa au akihama, jina linaondoka naye. Ramani iliyofuata ikilikosa jina, msomaji wa haraka atasema kijiji kimekufa. Huenda watu wako pale pale na wanaitwa kwa mtoto wake. Tena tahajia ni ya Kijerumani: Kilosa ni Kilossa, Mpwapwa mara nyingi ni Mpapua. Yasome majina kwa sauti mbele ya wazee, usiwaonyeshe yalivyoandikwa.

Halafu kuna suala la skeli, ambalo watu huliruka. Kwenye 1:300,000, milimita moja ya karatasi ni mita 300 za ardhini. Tembe, yaani nyumba ya Kigogo, pamoja na zizi lake katikati na bustani ya kando, inaingia yote ndani ya nukta ya penseli na nafasi inabaki. Familia kumi zilizokaa mbalimbali, kila moja na tembe yake, zinatawanyika kwenye eneo la sentimita chache za karatasi na hakuna hata moja inayostahili alama. Kijiji cha Ulaya, nyumba zimebanana kuzunguka kanisa, kinaonekana kwenye skeli hiyo. Makazi ya Wagogo hayaonekani, na si kwa sababu hayapo.

Kwa nini walikaa mbalimbali

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha kisa.

Mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na haina uaminifu. Hunyesha shamba hili ikaruka lile, wiki hii huku, wiki ijayo kule. Mkulima anayejua hilo hawezi kuweka mbegu zake zote mahali pamoja. Wagogo walilima vipande vilivyotawanyika, vingine bondeni penye udongo mzito, vingine juu kwenye kichanga, uwele hapa na mtama pale. Ng'ombe nao waligawanywa: mtu mwenye ng'ombe wengi aliwaacha kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukishika upande mmoja usimmalize. Kutawanyika kulikuwa ndiyo bima yao. Na ndiko huko huko kutawanyika kulikowafanya wasionekane kwenye ramani.

Ongeza tembe yenyewe. Ni nyumba fupi, ndefu kwa upande, na paa lake ni la udongo uliotandazwa juu ya miti. Udongo wa paa ni ule ule wa uwanjani. Mtu aliye ndani ya ndege, jua likiwa utosini na kivuli hakuna, anapita juu ya tembe akidhani ni ardhi iliyo wazi.

Weupe wa ramani una chanzo kingine, cha kusikitisha zaidi. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka mifugo ya Afrika Mashariki, na Ugogo, nchi ya ng'ombe, ikaumia vibaya. Kisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi, ya Wajerumani kwanza na ya Waingereza baadaye, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na iliua na kuhamisha watu kwa maelfu. Pasipo na ng'ombe wa kula majani na pasipo na watu wa kufyeka na kuchoma, kichaka hurudi, na pamoja na kichaka mbung'o. Kwa hiyo mtu aliyepita Ugogo miaka ya 1920 au 1930 akaona pori zito la miiba, hakuona pori la tangu kuumbwa kwa dunia. Sehemu nyingine zilikuwa mashamba na malisho ya watu waliokufa juzi.

Mambo haya hayasomeki kwenye ramani moja. Yanasomeka kati ya ramani mbili: jina lilikuwepo kabla ya 1914, halipo miaka ya 1930, na katikati yake kuna Mtunya.

Ramani iliyosema ukweli

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeuchora ukweli huo kabla ya karanga. Clement Gillman alikuwa mhandisi aliyefika mwaka 1905 kujenga Reli ya Kati wakati wa Wajerumani, akabaki baada ya utawala kubadilika, akawa mhandisi mkuu wa Reli za Tanganyika. Mwaka 1936 alichapisha katika jarida la jiografia la Marekani ramani ya makazi ya watu wa Tanganyika. Hakuishia kuonyesha watu wako wapi. Alieleza kwa nini wako pale na kwa nini kwingine hawapo. Karibu theluthi mbili ya nchi ilikuwa haina wakazi wa kudumu, akasema, na sababu kubwa ni maji: hakuna maji ya kudumu, au kuna mbung'o, au vyote viwili.

Nadhani hii ndiyo karatasi muhimu kuliko zote katika kisa hiki. Miaka kumi kabla ya ujumbe wa Wakefield, weupe wa ramani ulikuwa umeshapewa maelezo na mtu aliyeitembea nchi kwa miguu miongo mitatu. Palipo wazi hapana maji, alisema Gillman. Ujumbe wa karanga ulisoma kwamba palipo wazi hapana mwenyewe.

Siwezi kusema Wakefield hakuijua kazi ya Gillman. Mtu aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo angeikosaje? Ninachosema ni kwamba katika London ya 1946, yenye njaa ya mafuta na imani kubwa kwa mashine, nafasi iliyo wazi ilisomwa kama nafasi ya kazi.

Ekari 30,000 kwenye karatasi

Chukua rula. Ekari 30,000 ni kilomita za mraba 121 hivi, yaani mraba wenye upande wa kilomita 11. Kwenye shiti ya Kijerumani ya 1:300,000 huo ni mraba usiofika sentimita nne kwa upande. Mashamba yote 107 pamoja ni ekari milioni 3.21, karibu sawa na mkoa mzima wa Kilimanjaro wa leo. Kwenye karatasi ya ukubwa huo mtu anapanga mashamba kwa vidole, na hakuna kilima, korongo wala zizi linalomzuia mkono.

Ramani nzuri hazikuwepo. Idara ya Waingereza ya kupima makoloni, chini ya Martin Hotine, ilianzishwa mwaka huo huo wa 1946. Ndege za kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza zilianza kupiga picha za anga sehemu nyingi za Afrika, Tanganyika ikiwemo, na kazi hiyo iliendelea hadi 1952. Shiti za mwanzo za 1:50,000 zilizotokana na picha hizo zilitolewa bila hata mistari ya kontua inayoonyesha miinuko, ili ziwahi kutumika. Matingatinga ya Kongwa hayakusubiri. Mpango ulikuwa kufyeka ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza, 1947. Zilizopandwa mwisho wake hazikufika 10,000.

Na hata ramani iliyo bora kabisa isingeonyesha mambo mawili yaliyowaangusha. Moja ni udongo. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi na chembe za mawe magumu; kiangazi hushikana kiasi kwamba karanga zilizo chini haziwezi kung'olewa, na zile chembe hutafuna vyuma vya majembe ya trekta. La pili ni mvua niliyokwisha kuieleza. Wagogo walilijua lile la mvua na ndiyo maana hawakuwahi kulima shamba moja la kilomita 11 kwa 11. Mibuyu nayo ilikuwa na yake: shina lina uwazi, ndani kuna nyuki, na dereva wa tingatinga aliyeligonga alishuka akikimbia.

Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango.

Kuna ushahidi mwingine ambao ungetosha kumfanya mtu asite. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) walikuwa na kituo Kongwa, na chuo cha kufundisha walimu wa Kiafrika kilikuwepo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mtu hajengi chuo cha walimu mahali pasipo na watoto wa kufundishwa.

Tabaka za baadaye

Kwa wanaochunguza historia ya Kongwa yenyewe, karanga ni tabaka moja tu, na kwa bahati ni tabaka linalosaidia kusoma mengine kwa sababu liliacha mistari iliyonyooka. Tawi la reli lilitoka stesheni ya Msagali, kwenye Reli ya Kati, kwenda Kongwa. Mpango ulipokufa, reli zenyewe ziling'olewa. Tuta la reli halifutiki upesi. Kwenye picha za setilaiti litafute kama mstari unaopinda polepole mno kuliko barabara yoyote ya kijijini, unaokata makorongo bila kuyafuata. Ukilipata, una kipimo cha kuaminika cha kuweka shiti za zamani mahali pake.

Majengo ya mpango yaligeuzwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu hadi 1958. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa ikawa malisho, na leo kuna ranchi ya taifa chini ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa. Kisha mwaka 1964 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru eneo la kambi Kongwa, karibu na ile stesheni ya reli iliyoachwa. FRELIMO ya Msumbiji walikuwepo, na Samora Machel akiwa kamanda wao wa kambi. ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola nao walikuwepo. Usitegemee kuikuta kambi kwenye ramani ya wakati ule. Hakuna serikali inayochapisha kambi ya wapiganaji wakati adui yuko Msumbiji na Rhodesia. Kwa hiyo tukio ambalo limeiweka Kongwa kwenye historia ya bara zima halina alama kwenye shiti, na mtu anayesema "kama halipo kwenye ramani halikuwepo" ajibu hilo.

Tabaka linalowahusu wanakijiji wengi zaidi, hata hivyo, ni Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Familia zilizokuwa zimekaa mbalimbali zilihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Ukiweka shiti ya 1:50,000 iliyotokana na picha za kabla ya operesheni juu ya picha ya leo, utaona vinukta vya nyumba vilivyotawanyika kila upande vimekusanyika na kupangwa kwa mistari. Jina mara nyingi ni lile lile. Mahali si pale. Kijana akimwonyesha bibi yake jina la kijiji kwenye ramani ya zamani, bibi atasema, "Hapo siyo. Hapo ni mahame."

Mahame hayo ndiyo yenye habari. Yanatambulika hata bila ramani: ua wa minyaa uliobaki peke yake porini, mbuyu wenye makovu ya kubanduliwa magamba, na duara au mraba wa majani ya kijani kuliko ya jirani. Hapo palikuwa zizi. Samadi ya miaka mingi hubadilisha udongo kwa muda mrefu baada ya ng'ombe kuondoka. Tembe ikianguka haiachi matofali wala bati. Paa la udongo linashuka, mchwa wanakula miti, kinabaki kituta kirefu cha chini ambacho mgeni atakivuka bila kujua.

Namna ya kuifanya kazi

Shiti za Kijerumani zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni na maktaba kadhaa za Ulaya. Za 1:50,000 zinapatikana kwa idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi. Programu huria ya QGIS inatosha kuziweka moja juu ya nyingine. Chagua vitu visivyohama kuwa vigingi vya kufungia: vilele vya Kiboriani, makutano ya makorongo makubwa, Msagali. Usitumie jina la kijiji kama kigingi hata siku moja, kwa sababu ambazo sasa msomaji anazijua. Shiti ya Kijerumani itagoma kukaa sawa. Njia iliyopimwa kwa saa na dira itakuwa imesogea kilomita kadhaa, tena si kwa upande mmoja. Acha isogee. Ukiilazimisha ikae kwa kuinyoosha huku na huku unaharibu ule utaratibu wa majina njiani, nani alifuata nani, na huo ndio wenye thamani.

Wazee waulizwe kabla hawajaiona ramani. Ukiitandaza kwanza, mazungumzo yote yanakuwa ya kukubali au kukataa kilichochapishwa. Anza na maji: walichota wapi kiangazi, mchanga wa korongo gani ulichimbwa, lambo lilipokauka ng'ombe walipelekwa wapi na kwa nani. Wanaume na wanawake waulizwe mbalimbali. Anayechota maji na anayenywesha ng'ombe hawakumbuki visima vile vile.

Na kazi hii si ya kumbukumbu tu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo haina kifungu hicho katika maelezo yake, na wanasheria wamebishana juu ya tofauti hiyo tangu wakati huo. Kwa nchi ya watu waliozoea kutawanyika, walioacha mahame kwa amri ya serikali na ambao malisho yao ya kiangazi huonekana matupu miezi sita kwa mwaka, swali la nani anaamua kipi "hakitumiki" ni zito. Mwekezaji wa leo naye huja na picha ya kutoka angani.

Ndiyo maana kamati ya kijiji inapokaa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, ningeshauri karatasi ya pili itandazwe kando ya ile ya wapimaji: ramani ya mahame, visima vya kiangazi, njia za ng'ombe kwenda majini, miti ya tambiko na makaburi. Kila alama iandikwe jina la mzee aliyeitaja na tarehe aliyoitaja, kisha mhuri wa serikali ya kijiji upigwe, nakala moja ibaki ofisini na nyingine iende wilayani.